Rangi za Florini Chini ya Chombo: Mwongozo Kamili wa Kuzielewa na Kuzipima Lamu

Ukifika Matondoni, kijiji cha Lamu, maji yakiwa yamekupwa, hukosi kukuta mashua imelazwa ubavu na watu wakiikwangua. Mwani, ute na vile vigamba vyeupe vikali vinavyokata nyayo hurudi baada ya muda mfupi, na chombo kilichokuwa chepesi huanza kuburura. Wazee walipaka deheni, chokaa iliyokandwa kwa shahamu, kwenye sehemu inayozama, na sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao za juu. Siku hizi yako makopo yanayosifiwa kwa maneno mazito: nano, floro, maji hayashiki kabisa. Bei yake inamfanya nahodha aulize kama kuna ukweli ndani.

Kuna ukweli, lakini si ule anaouonyesha muuzaji. Yeye humwaga maji juu ya kibao kikavu, matone yakabingirika kama shanga, wateja wakashangaa. Onyesho hilo halithibitishi chochote kuhusu rangi ikishazama, kwa sababu uso wa rangi hizi hujipanga upya unapokutana na maji. Ukishika hilo moja, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Kilichomo ndani ya kopo

Polima ya kawaida, kama ile ya mfuko wa plastiki, ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana. Polima ya matawi ina umbo la mti: kiini katikati, matawi yanayogawanyika, na ncha nyingi nje. Fritz Vögtle na wenzake nchini Ujerumani walionyesha mwaka 1978 jinsi ya kuongeza matawi awamu kwa awamu. Mwaka 1985 Donald Tomalia, aliyekuwa kampuni ya Dow nchini Marekani, alichapisha familia ya molekuli za matawi inayoitwa PAMAM, ambayo hadi leo ndiyo ya kufundishia. Inaanza na ncha 4, na kila awamu ncha huongezeka maradufu: 8, 16, 32, 64. Ikifika ncha 64, molekuli nzima ina upana wa takriban nanomita 4.5; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 1990 Craig Hawker na Jean Fréchet waligeuza njia: wakaunda matawi kwanza, kisha wakayaunganisha kwenye kiini.

Molekuli hizo kamilifu huitwa dendrimeri. Ni ghali, kwa kuwa kila awamu inahitaji kusafishwa kabla ya nyingine. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezipaka kwenye jahazi. Kinachowezekana kwenye rangi ni ndugu yake wa bei nafuu, polima iliyopikwa katika chungu kimoja, matawi yakiota bila mpangilio kamili. Mkemia Paul Flory alikwisha kuandika hesabu zake mwaka 1952. Kasoro za matawi hazisumbui sana, maana kazi kubwa iko kwenye ncha.

Na kwenye ncha ndiko florini inakofungwa. Mkemia Mfaransa Henri Moissan aliitenga gesi hii mwaka 1886, baada ya wengi waliomtangulia kuumia wakijaribu. Ikishaungana na kaboni hutulia: kifungo chake kina nguvu ya takriban kilojuli 485 kwa moli, zaidi ya kifungo kingine chochote cha mkono mmoja katika kemia ya kaboni. Elektroni zimeshikwa kwa nguvu kiasi kwamba molekuli haina mvuto mkubwa kwa jirani yake. Maji yana mvutano wa uso wa milinyutoni 72 kwa mita. Plastiki ya mfuko ina nishati ya uso, yaani kiasi uso unavyovuta vitu vinavyougusa, ya takriban 31, na PTFE, ile ya vikaango visivyogandisha, iko karibu na 18 hadi 20. Uso uliosongamana vikundi vya kaboni moja na florini tatu hushuka hadi karibu 6, na hapo ndipo chini kabisa.

Jinsi zinavyojipanga zenyewe

Hakuna anayezipanga. Thina inapovuka baada ya kupaka, sehemu za molekuli bado zina uhuru wa kusogea, na zile zinazogharimu nishati ndogo zaidi kukaa mbele ya hewa ndizo zinazopanda juu. Ncha za florini hukusanyika kwenye nanomita chache za mwisho. Ndiyo maana kiasi kidogo kilichochanganywa ndani ya rangi ya kawaida huweza kubadilisha uso mzima, na ndiyo maana anayepaka tabaka nene akidhani ananunua florini zaidi anapoteza pesa.

Ndani ya maji mambo hugeuka. Ikiwa molekuli ina sehemu zinazopenda maji, hizo hutoka nje, na florini hujificha katikati. Katika kimiminika hutokea vifuko, nyuzi au tabaka, kutegemea wingi wa kila upande. Tena florini haikimbii maji pekee. Mafuta nayo huyakimbia. Basi huwezi kuzungumza juu ya pande mbili tu, mafuta na maji, kama ilivyo kwa sabuni. Pande ziko tatu. Kundi la Virgil Percec huko Pennsylvania lilitumia tabia hiyo mwaka 2002 kupanga matawi yenye mikia ya florini yakawa nguzo, katikati ya nguzo wakaweka molekuli zinazopitisha umeme.

Jambo hilo la pande tatu unaweza kulionja jikoni. Nunua tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile ya kuzungushia nyuzi za paipu. Hiyo ni PTFE. Ibandike juu ya kioo bila kuivuta sana. Pembeni yake weka kipande cha mfuko wa plastiki na kioo kitupu kilichooshwa kwa sabuni. Weka tone dogo la maji kwenye kila kimoja, kisha tone la mafuta ya nazi yaliyoyeyuka. Maji yatasimama kwenye tepu na kwenye plastiki pia, kwa hiyo hapo hujajifunza kitu. Mafuta ndiyo yatakayokuambia: kwenye plastiki yanatanda, kwenye tepu yanabaki tone. Rangi inayodai kuwa na florini ya kutosha usoni lazima izuie mafuta. Ikizuia maji na kuachia mafuta yatande, ulichonunua ni nta au silikoni, na pengine hiyo si hasara, kama nitakavyoeleza.

Kupima pembe ya tone kwa simu

Tafuta sindano ya insulini ya vipimo 100; kila kipimo kimoja ni mikrolita 10, na tone la nusu kipimo linatosha. Tone likiwa kubwa uzito wake hulilaza na kipimo hudanganya. Weka kioo kilichopakwa rangi ukingoni mwa meza, simu iwe usawa mmoja na uso wa kioo, nyuma yake karatasi nyeupe. Piga picha, ikuze, kisha pima urefu wa tone na upana wa sehemu inayogusa rangi.

Huhitaji hesabu ndefu. Urefu ukiwa nusu ya upana huo, pembe ya mguso, yaani ile ya ukingo wa tone juu ya rangi, ni nyuzi 90. Ukiwa chini ya theluthi moja kidogo, ni karibu 60. Ukikaribia sehemu tisa za kumi za upana, uko kwenye nyuzi 120, na huo ndio mpaka wa uso laini. Hata florini bora haivuki hapo sana bila kusaidiwa na ukwaruzo. Pima matone matano sehemu mbalimbali.

Sasa zamisha kioo hicho kwenye ndoo ya maji ya bahari kwa saa 24. Kitoe, kisuuze kwa maji ya mvua au ya chupa, kikung'ute, pima mara moja. Kiache kivulini mpaka siku ya pili, pima tena. Usomaji wake ni huu. Pembe ikishuka baada ya kuzama halafu ikarudi ilivyokuwa baada ya kukauka, molekuli zimegeuka na kugeuka tena. Rangi iko hai. Ikishuka isirudi, ama florini imeoshwa ikaondoka, ama uchafu umeshika. Isiposhuka kabisa, ncha zimefungwa imara mahali pake.

Inamisha pia kioo polepole. Tone linaloonekana la mviringo mzuri lakini likang'ang'ania hata kioo kikiinama sana ni dalili ya uso wenye mabaka. Wauzaji hawakuonyeshi hilo.

Kwa nini florini nyingi si lazima iwe bora

Mtu angetarajia kwamba nishati ya uso ikizidi kuwa ndogo, vigamba vitazidi kushindwa kushika. Sivyo. Mtafiti Robert Baier alionyesha kwamba viumbe hushika kwa udhaifu zaidi kwenye nyuso zenye milinyutoni 20 hadi 30 kwa mita, hasa 22 hadi 24. Ukishuka chini ya hapo kushika huongezeka tena. Na si nishati peke yake. Ugumu wa rangi nao unahesabika: gamba hung'oka kirahisi juu ya kitu kilaini kinachonyumbuka, kwa sababu ufa huanzia ukingoni na kujipenyeza chini yake. PTFE ina nishati ndogo kuliko silikoni, ila ni ngumu zaidi, na silikoni huishinda.

Hapo ndipo polima za matawi zilipoleta wazo jipya. Mwaka 2005 kundi la Karen Wooley, wakati huo Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, lilichapisha matokeo ya rangi iliyounganisha polima ya matawi yenye florini na polithilini glikoli, kitu kinachopenda maji sana. Vitu hivyo viwili havipatani. Lakini vimefungwa pamoja kikemia, haviwezi kutengana mbali, basi vinaishia kugawana uso katika mabaka madogo mno. Vikiingia majini, mabaka yanayopenda maji huvimba na kupanda, ya florini hubaki katikati yake. Kiumbe kinachotafuta pa kushika hutoa gundi ya protini, na gundi hiyo haikuti eneo lenye tabia moja la kutosha kuenea. Waliipima kwa mbegu za mwani wa kijani wa Ulva, ambao mtu wa Lamu anaufahamu kwenye ngazi za gati hata kama hajui jina lake la kitaalamu.

Angalia sasa: rangi ya namna hiyo ingefeli vibaya mbele ya muuzaji wa matone. Ikikaa majini, pembe yake hushuka, na huko kushuka ndiko kunakofanya kazi.

Vibao vya majaribio

Usipake chombo kizima kabla hujapima vibao. Tumia mbao ileile ambayo chombo chako kimeundwa nayo, mbambakofi kwa mbambakofi, mvule kwa mvule. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 20. Kila aina ya rangi ipate vibao vitatu, maana kimoja hudanganya. Aina zenyewe ziwe: mbao tupu, deheni, rangi ya shaba inayouzwa madukani, silikoni, na hiyo ya florini. Jumla ni vibao 15. Vitie alama kwa kuchonga pembeni. Namba zilizoandikwa kwa wino zitamezwa na mwani.

Piga msasa, osha kwa maji baridi kuondoa chumvi, kisha kausha kivulini, na usiharakishe. Unyevu wa Lamu ni adui wa kazi hii kuliko jua. Mbao iliyolowa ndani itasukuma rangi itoke kwa malengelenge. Kwenye florini na silikoni kuna tatizo lake la pekee: kinachokataa kushikwa na gamba hukataa kushika mbao vilevile. Lazima iwepo rangi ya msingi, kwa kawaida epoksi, na juu yake tabaka la kuunganisha ambalo mtengenezaji mwenyewe amelitaja. Akiwa hakulitaja, muulize kabla ya kulipa. Rangi nyingi hupotea hapa, si majini. Nimeona kazi nzuri ikibanduka kama ngozi ya nyoka kwa sababu tu fundi aliruka tabaka la katikati kubana gharama.

Paka nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa brashi au roli. Usipulize kwa mashine. Sababu iko mbele. Subiri muda wote wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo, maana huo ndio muda ambao ncha zinapanda juu na kufungwa.

Vining'inize chini ya boya, kina cha nusu mita, si kwenye nguzo ya gati. Maji ya Lamu hupanda na kushuka zaidi ya mita mbili nyakati za bamvua. Kibao kilichofungwa gatini kitakauka juani kila siku na majibu yake hayatakuwa ya chombo kinachoelea. Changanya mpangilio: usiweke florini zote upande mmoja wa fremu, kwani mkondo wa mbele huleta mbegu nyingi kuliko wa nyuma. Kabla ya hayo zungumza na BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya eneo lako, na usiweke fremu karibu na mizizi ya mikoko wala njiani mwa mashua za Shela na Manda. Fremu isiyo na bendera ni mtego wa propela.

Piga picha kila bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo kusema kila baada ya wiki mbili. Hapo huhitaji kalenda. Kibao kikae kwenye beseni la maji ya bahari wakati wa picha, maana ute ukikauka hubadilika. Juu yake weka plastiki ang'avu iliyochorwa miraba 100, ukiacha sentimita moja pembezoni kwa sababu kingo hukusanya uchafu kuliko kwingine. Hesabu miraba yenye ute, yenye mwani, yenye vigamba, kila moja peke yake. Jaribio lipite kaskazi na kusi. Aliyepima msimu mmoja amepima nusu.

Nguvu ya kung'oa

Asilimia ya miraba haitoshi. Kibao kinaweza kujaa vigamba vinavyong'oka kwa kidole, na kingine kikawa na vichache vinavyohitaji patasi. Chukua mizani ya ndoana ya wauza samaki, ifunge kwenye kipande cha plastiki ngumu kilichonyooka, kiegemeze shinani mwa gamba, vuta sambamba na kibao mpaka ling'oke. Soma kilo, zidisha kwa 9.8 upate nyutoni, gawanya kwa eneo la kitako kwa milimita za mraba. Gamba la kipenyo cha milimita 6 lina kitako cha takriban milimita 28 za mraba. Likitoka kwa kilo moja, ni nyutoni 0.35 kwa kila milimita ya mraba. Gamba likivunjika na kitako kikabaki, kipimo hicho kitupe, lakini andika kwamba limevunjika, maana hiyo nayo ni habari.

Kisha funga kibao pembeni mwa boti ya mashine na ukimbie nacho. Silikoni na jamaa zake hutegemea maji yapite kwa kasi yakung'ute kilichoshika, na kwa kawaida zililengwa meli zenye kasi ya noti 15 na kuendelea. Mashua ya tanga haifiki huko. Inayolala nanga wiki nzima ndiyo kabisa. Kwa chombo cha namna hiyo mimi ningebaki na deheni au rangi ya shaba na kukwangua kwa wakati. Kwa boti za mashine zinazokwenda mbio kati ya Mokowe na kisiwani kila siku, hapo silikoni au rangi ya mchanganyiko ina hoja, na vibao vyako ndivyo vitakavyosema ni ipi.

Matumizi mengine, kwa ufupi

Hospitali na maabara huenda zikafaidi molekuli hizi kuliko mabaharia. Yiyun Cheng na wenzake nchini China walichapisha mwaka 2014 kwamba dendrimeri yenye florini huingiza jeni ndani ya seli ikihitajika kwa kiasi kidogo sana, kwa kuwa mikia yake hupenya utando wa seli bila kutengana na mzigo. Tena mwili wa binadamu karibu hauna florini ya kuonekana kwenye mashine za MRI zinazopiga picha ndani ya mwili, basi molekuli iliyobebeshwa atomi nyingi za florini huonekana peke yake, bila kelele nyuma. Vitambaa visivyoshika mafuta ni habari ya zamani.

Moto, vumbi na sheria

Desturi ya kuchoma tumbo la chombo kwa makuti ili kuua wadudu watoboao mbao ni nzuri kwa mbao tupu. Kwenye rangi ya florini ni hatari. PTFE huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi, na zaidi ya 350 huvunjika kwa kasi. Moto wa makuti hupita hapo kwa urahisi. Moshi wake huleta homa na kubana kifua, na ndani yake mna floridi ya haidrojeni inayochoma mapafu. Chombo kikishapakwa rangi hiyo hakichomwi tena, na anayekinunua lazima aambiwe.

Kupuliza kwa mashine hutoa matone madogo yanayofika ndani kabisa ya mapafu, na rangi inayokataa maji huharibu utando unaoyaweka wazi. Kukwangua nako kufanywe juu ya turubai, kwa maji, si kwa msasa mkavu. Takataka zisianguke kwenye matope.

Sababu ni kwamba kifungo kilekile kinachoipa rangi uimara huifanya isioze. Minyororo mirefu ya florini imekutwa katika damu za watu na wanyama kote duniani. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu kemikali zenye sumu zisizooza, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, uliingiza kemikali tatu za namna hiyo kwenye orodha yake: PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Mwishoni mwa 2023 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba PFOA husababisha saratani kwa binadamu. Kampuni ya 3M ilikwisha kutangaza Desemba 2022 kwamba ingeacha kutengeneza kemikali za kundi hili kufikia mwisho wa 2025. Basi kopo lisilo na karatasi ya usalama, lisilosema urefu wa mnyororo wa florini wala jina la mtengenezaji, liache dukani hata likiwa la bei ya kutupa. Ukiwa na shaka, karatasi hiyo ipeleke ofisi ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kabla ya kufungua kopo.

Kibao cha florini kikishamaliza kazi kikaushe, kifunge kwenye mfuko mzito pamoja na brashi na ulichokikwangua, kirudi kwa aliyekuuzia. Kisiachwe ufuoni, ambako mpita njia atakiona ni kuni nzuri kavu.